Vifo vya ghafla vya uduvi wa tangini: Jinsi ya kutambua chanzo chake

Na MWANDISHI WETU

UDUVI wa maji yasiyo ya chumvi ni miongoni mwa viumbe wadogo wanaofugwa kwa wingi katika matangi ya kioo majumbani kote duniani. Hula mwani na mabaki ya chakula, huzaana upesi, huhitaji nafasi ndogo, na rangi zao nyekundu, samawati, manjano au nyeupe hupamba sebule. Hata hivyo, mfugaji anayelala akiwa na uduvi mia moja anaweza kuamka akakuta mizoga kumi sakafuni mwa tangi, na kabla ya jua kutua akawa hana hata mmoja.

Aghalabu jambo la kwanza ambalo mfugaji aliyepatwa na msiba huo hulifanya ni kukimbilia dawa. Pupa hiyo ndiyo humaliza wale walionusurika. Sehemu kubwa ya vifo vya ghafla haisababishwi na ugonjwa wa kuambukiza. Husababishwa na maji yenyewe: sumu iliyoingia, hewa iliyopungua, au mabadiliko ya haraka ambayo mwili wa uduvi haukuweza kuyahimili. Dawa ikitiwa katika maji ya namna hiyo, huwa ni sumu juu ya sumu.

Makala haya yanaeleza namna ya kusoma ushahidi uliopo kabla ya kuchukua hatua yoyote: wakati wa vifo, hali ya mizoga, hali ya maji, na mambo yaliyotendeka nyumbani siku chache zilizotangulia.

Aina zinazofugwa

Uduvi anayefugwa zaidi huitwa kitaalamu Neocaridina davidi. Asili yake ni mito na vijito vya Asia Mashariki, ikiwemo China na Taiwan. Porini huwa na rangi ya kahawia au kijani iliyofifia. Wekundu unaowavutia wafugaji ulipatikana kwa kuchagua wazazi wenye rangi hiyo kizazi baada ya kizazi. Hukua hadi sentimita tatu hivi na huishi kati ya mwaka mmoja na miwili. Huyu ni mvumilivu: huridhika na joto la nyuzi 18 hadi 26 za Selsiasi na maji yenye pH ya 6.5 hadi 8.

Aina nyingine ni Caridina, hasa wale wenye mistari myekundu na myeupe waliotokana na kazi ya Mjapani Hisayasu Suzuki katika miaka ya 1990. Hawa ni dhaifu zaidi. Huhitaji maji laini, yenye asidi kidogo, na joto lisilozidi nyuzi 24 au 25. Kwa kuwa wamezalishwa kutokana na wazazi wachache, uwezo wao wa kustahimili misukosuko ni mdogo.

Katika Afrika Mashariki jamaa wa uduvi hawa si wageni. Caridina nilotica huishi kwa wingi katika Ziwa Victoria, ambako Waluo humwita ochong'a. Wavuvi wa omena humpata mara kwa mara nyavuni mwao, na mbuta wachanga humtegemea kwa chakula.

Ni muhimu mfugaji ajue ni aina gani aliyo nayo, kwani maji yanayomfaa mmoja huweza kumuua mwingine polepole bila ugonjwa wowote.

Si kila kinachoonekana ni kifo

Uduvi hukua kwa kujivua gamba. Wachanga hujivua karibu kila wiki, na wakubwa kila baada ya wiki tatu hadi sita. Gamba lililoachwa hubaki na umbo kamili la mwenyewe, miguu na papasi zikiwemo, na mfugaji mgeni hudhani ni mzoga. Tofauti yake ni rahisi kuiona: gamba huwa jepesi, jangavu na tupu ndani, na lina mpasuko mgongoni, nyuma ya kichwa. Mzoga huwa mzito na mwili wake hauoni ng'ambo.

Mzoga mara nyingi hugeuka kuwa wa waridi au wa rangi ya chungwa, kama kamba aliyechemshwa. Watu wengi huichukulia rangi hiyo kuwa dalili ya ugonjwa. La hasha. Rangi nyekundu iliyo mwilini mwa uduvi hufungwa na protini. Protini hizo zinapovunjika, iwe kwa moto wa jikoni au kwa kuoza, wekundu hujitokeza. Kwa hivyo, rangi ya waridi humweleza mfugaji kwamba uduvi amekufa saa kadhaa zilizopita, wala haimwelezi ni kwa nini.

Vilevile, kuna siku madume yote huanza kuogelea huku na huko kwa kasi kama waliopagawa. Ikiwa hakuna anayeanguka ubavu na maji hayajabadilishwa, huenda jike amejivua gamba na kutoa majini kemikali ya kuwaita madume. Hali hiyo hupita baada ya saa chache.

Anza na wakati wa vifo

Ushahidi wenye thamani kubwa zaidi hauonekani kwenye mzoga. Uko katika mfuatano wa vifo. Mfugaji anapaswa kujiuliza ni wangapi waliokufa, katika muda gani, wa umri gani, na nini kilifanyika kabla.

Wengi wakifa kwa mkupuo, wakubwa kwa wadogo, katika saa chache, tuhuma ya kwanza ni sumu au ukosefu wa hewa. Hakuna ugonjwa wa kawaida wa bakteria unaoangamiza tangi zima kati ya asubuhi na jioni.

Wakifa alfajiri, kisha vifo vikakoma mchana, hewa ndiyo ya kuchunguzwa. Mimea ya majini hutoa oksijeni kwenye mwanga, lakini usiku huitumia kama viumbe wengine.

Vifo vikitokea siku moja au mbili baada ya kila ubadilishaji wa maji, lawama ni ya maji mapya: klorini, shaba, tofauti ya joto au tofauti ya madini.

Akifa mmoja leo, mmoja kesho kutwa, na hali ikaendelea hivyo kwa majuma, uwezekano ni maambukizi, matatizo ya kujivua gamba, au maji yaliyochakaa kidogo kidogo.

Wachanga wakitoweka bila mizoga ilhali wakubwa ni wazima, kuna adui anayewala, kichujio kinawavuta, au tangi halina mwani wa kuwalisha.

Wakifa wale wakubwa tu, mmoja mmoja kwa miezi, huenda ni uzee. Anayenunua uduvi waliokwisha kukomaa hununua miezi michache iliyobaki ya maisha yao.

Mwisho, vifo vya majuma mawili ya kwanza baada ya kuwaleta nyumbani hutokana zaidi na safari na mabadiliko ya maji kuliko ugonjwa.

Shaba na dawa za wadudu

Sumu mbili huua uduvi kuliko nyingine zote nyumbani: shaba na dawa za kuua wadudu.

Damu ya uduvi hubeba oksijeni kwa kutumia himosianini, protini iliyo na shaba ndani yake. Licha ya hayo, shaba iliyoyeyuka majini humwathiri kwa kiasi kidogo mno, hasa kwa kuharibu matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita. Sehemu ndogo tu ya kiwango hicho inatosha kumuua uduvi. Kwa hivyo, hoja ya kwamba "sisi wenyewe tunayanywa maji haya" haithibitishi chochote.

Shaba huingia kwa njia kadhaa. Dawa nyingi za kutibu madoa meupe na vimelea vya samaki zina shaba. Dawa za kuua konokono na baadhi ya dawa za kuua mwani pia zinayo. Maji yaliyolala usiku kucha katika mabomba ya shaba, hususan yale ya maji moto, hubeba shaba nyingi zaidi yanapofunguliwa mara ya kwanza asubuhi.

Dawa za wadudu zina historia ya karibu zaidi na nchi hii. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 Kenya ilikuwa mzalishaji mkuu wa pareto duniani. Sumu iliyo katika maua ya pareto hushambulia neva za wadudu na haina madhara makubwa kwa binadamu. Viwanda vimeiga sumu hiyo na kutengeneza jamii nzima ya dawa zinazotumika leo katika makopo ya kupulizia mbu na mende, koili za kufukizia mbu, vyandarua vilivyotiwa dawa, na dawa za viroboto vya mbwa na paka. Uduvi ni jamaa wa mbali wa wadudu, na neva zake huathirika vivyo hivyo. Ukungu wa dawa uliopuliziwa sebuleni hutua juu ya maji. Pampu ya hewa nayo huvuta hewa ya chumba hicho na kuisukuma moja kwa moja ndani ya tangi. Mkono uliomsugua mbwa dawa ya viroboto unatosha kuleta maafa.

Mimea mipya ya majini pia hutiliwa shaka. Mingi hukuzwa katika vitalu ambako hupuliziwa dawa. Samaki huenda wasionyeshe dalili yoyote, ilhali uduvi wakafa siku hiyo hiyo. Mimea hiyo yafaa ilowekwe katika ndoo ya maji yanayobadilishwa kila siku kwa wiki moja au mbili kabla ya kutiwa tangini.

Dalili za sumu ya neva ni hizi: uduvi huruka ovyo, huzunguka, huanguka chali au ubavu huku miguu ikitetemeka, kisha hunyamaza. Konokono wa tangini huwa shahidi mzuri hapa. Uduvi wakifa huku konokono wakiendelea kula kana kwamba hapana lililotokea, dawa ya wadudu yashukiwa, kwa maana konokono huistahimili zaidi. Konokono wakijifungia gambani au wakifa pamoja na uduvi, shaba yashukiwa. Konokono wakipanda wote hadi juu ya maji pamoja na uduvi, tatizo huenda likawa ni hewa au amonia. Ushahidi huu si hukumu, lakini huonyesha upande wa kuanzia.

Amonia katika tangi jipya

Kinyesi, chakula kilichobaki na mizoga huoza na kutoa amonia. Bakteria wenye manufaa huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mkubwa. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kuenea vya kutosha katika kichujio cha tangi jipya. Anayetia maji Jumamosi na uduvi Jumapili huwatumbukiza katika choo kisicho na shimo.

Ukali wa amonia hutegemea pH. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa katika hali ile yenye sumu kali. pH ikifika 8, kiasi hicho hupita asilimia 5. Ikifika 9, huzidi thuluthi. Ndiyo maana kipimo kile kile cha amonia kinaweza kuvumilika katika tangi moja na kuua katika jingine. Katika tangi la uduvi, amonia na nitriti zinafaa kuwa sifuri, na nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita.

Amonia huweza pia kupanda ghafla katika tangi la zamani. Sababu zake ni mzoga uliofichika, chakula kingi, kichujio kilichooshwa kwa maji ya bomba yenye klorini na hivyo kuuawa bakteria wake, umeme uliopotea kwa saa nyingi, au dawa ya kuua bakteria iliyotiwa na mfugaji aliyedhani anatibu.

Hewa, joto na mwinuko

Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita; ya nyuzi 30 hushika 7.5 hivi. Mwinuko nao hupunguza. Nairobi, iliyo katika kimo cha takriban mita 1,700, maji hushika oksijeni pungufu kwa asilimia 15 hadi 20 kuliko Mombasa yakiwa na joto sawa. Mfugaji wa Mombasa hupambana na joto, yule wa Nairobi hupambana na mwinuko, na wote wawili wahitaji pampu ya hewa inayofanya kazi usiku na mchana.

Dalili ya ukosefu wa hewa ni uduvi kukusanyika karibu na uso wa maji au kando ya mapovu, na samaki kuhema juu. Dawa ya kwanza ni kuongeza mapovu papo hapo. Wakichangamka ndani ya dakika chache, chanzo kimejulikana.

Kujivua gamba kunapokwama

Kifo cha wakati wa kujivua gamba ndicho kinachotatanisha zaidi, kwa sababu huonekana kama ugonjwa usio na jina. Dalili yake ni mstari mweupe unaouzunguka mwili wote, pale gamba la kichwa na kifua linapokutana na lile la mkia. Katika hali ya kawaida gamba hupasuka mgongoni tu na mwenyewe huchomoka kwa mruko mmoja. Likipasuka kuuzunguka mwili, mara nyingi hukosa mahali pa kujishikilia na kufa akiwa nusu ndani, nusu nje.

Chanzo huwa ni madini ya maji: kalsiamu na magnesiamu zikiwa chache mno gamba huwa laini, zikizidi huwa gumu kupita kiasi. Chanzo kingine ni kubadilisha maji mengi kwa mara moja, jambo ambalo humlazimisha uduvi kujivua kabla ya wakati. Lishe duni nayo huchangia.

Ugumu wa maji hupimwa kwa digrii za Kijerumani, kila digrii ikiwa sawa na miligramu 17.8 za chokaa kwa lita. Neocaridina hustawi kati ya digrii 6 na 12. Caridina wenye mistari hutosheka na 4 hadi 6.

Suala hili lina uzito maalumu nchini. Maji ya bomba ya Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, huteremka kutoka nyanda za juu zenye miamba ya volkano na huwa laini. Maji ya visima virefu jijini huwa na sodiamu na bikaboneti nyingi lakini kalsiamu haba, hivyo pH yake huwa juu bila ya kuwa na madini ya kujengea gamba. Visima vya Pwani vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe hutoa maji magumu, na mara nyingi yenye chumvi. Nyumba inayotegemea mgao hupata maji ya bomba juma hili na ya lori lililojaza kisimani juma lijalo. Kwa macho ni maji yale yale. Kwa uduvi ni kuhamishwa kutoka mto mmoja hadi mwingine. Mfugaji apime kila shehena kabla ya kuitumia.

Magonjwa na vimelea halisi

Baada ya kuondoa uwezekano wa sumu, hewa na madini, ndipo ugonjwa huchunguzwa. Mgonjwa awekwe katika kisahani cheupe chenye maji ya tangi na atazamwe kwa lenzi ya kukuza.

Nyuzi nyeupe fupi zinazojikunja na kujinyoosha kwenye ncha iliyochongoka ya kichwa au kati ya macho ni minyoo iitwayo Scutariella japonica. Mayai yake hujipanga ndani ya matamvua. Kwa kawaida hauui upesi, ila humdhoofisha uduvi.

Utando mweupe kama ukungu unaotokea mahali hapo hapo mara nyingi ni Vorticella, kiumbe cha chembe moja chenye umbo la kengele juu ya kikonyo. Hula bakteria wa majini, kwa hiyo wingi wake ni ishara kwamba tangi lina uchafu mwingi.

Kwa hali hizi mbili, wafugaji wengi humwogesha mgonjwa katika maji ya chumvi nje ya tangi: kijiko kimoja cha mezani cha chumvi isiyo na nyongeza yoyote katika kikombe cha maji ya tangi, kwa sekunde 30 hadi 60, kisha humrudisha. Akionyesha kulemewa atolewe mara moja. Magamba yanayoachwa yaondolewe, kwani mayai ya minyoo hubaki humo. Katika tangi lisilo na minyoo, magamba yaachwe, maana uduvi huyala na kurejesha madini yake.

Vichaka vya kijani au manjano kati ya vimiguu vya kuogelea chini ya tumbo ni hatari zaidi. Wengi hudhani ni mayai. Mayai huwa duara, yametengana, na jike huyapepea. Kimelea hiki huwa nyuzi zilizosongamana na hata dume huweza kuwa nazo. Kwa muda mrefu kiliitwa kuvu, ingawa Cladogonium ogishimae ni mwani unaoishi kwa kunyonya mwili wa uduvi. Hakina tiba ya kutegemewa. Mgonjwa atengwe mara moja ili asiambukize wengine.

Mwili ukigeuka mweupe kama maziwa kwa ndani, misuli imeharibika. Chanzo chaweza kuwa bakteria, vimelea vidogo wa misuli, au msukosuko mkubwa wa maji. Hadubini pekee ndiyo iwezayo kuvitenganisha. Uduvi wa namna hiyo watengwe, na mizoga iondolewe kabla wenzao hawajaila, kwani vimelea vya misuli huenezwa kwa kula maiti.

Madoa ya kahawia au meusi yanayolitoboa gamba husababishwa na bakteria wanaokula gamba lenyewe. Yakiwa machache huondoka mgonjwa anapojivua. Doa moja jeusi lisilokua laweza kuwa kovu la jeraha lililopona.

Ikumbukwe kwamba virusi havionekani kwa lenzi. Virusi vya madoa meupe, vilivyoanza kuangamiza mashamba ya kamba Asia Mashariki mapema katika miaka ya 1990 na kufika Msumbiji mwaka wa 2011, hubainishwa kwa vipimo vya maabara tu. Asiyepata kipimo hicho asimtangazie jirani yake kwamba tangi lake lina virusi.

Wavamizi

Kiluwiluwi wa kereng'ende huingia kama yai lililoshikamana na mmea. Hujificha changaraweni na kula uduvi mmoja baada ya mwingine. Minyoo bapa yenye kichwa cha pembe tatu hushambulia wachanga na walio katika kujivua gamba, nayo haidra huwanasa wachanga kwa minyiri yake yenye sumu. Mfugaji huwaona kwa kumulika tochi saa mbili baada ya taa kuzimwa. Minyoo bapa na haidra huuawa kwa fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mbwa, ambayo kwa kipimo kidogo uduvi huihimili ingawa baadhi ya konokono hufa. Ikumbukwe kwamba minyoo mingi ikifa kwa pamoja huoza na kuongeza amonia.

Hatua za kufuata vifo vinapoanza

Kwanza, ongeza hewa. Kwa kawaida hatua hii haina madhara.

Pili, chota chupa moja safi ya maji ya tangi kabla ya kubadilisha chochote. Wengi humwaga ushahidi wote kisha huanza kutafuta chanzo.

Tatu, ondoa mizoga na chakula kilichobaki, ukihesabu na kuandika saa.

Nne, pima joto, pH, amonia, nitriti, nitrati na ugumu wa maji. Pima pia maji ya bomba au kisima unayotumia, kwani tofauti baina ya vipimo hivyo viwili mara nyingi ndiyo jibu.

Tano, andika yote yaliyofanyika nyumbani kwa siku saba: dawa ya mbu, mmea mpya, samaki mpya, rangi ya ukutani, umeme uliopotea, lori la maji, mgeni aliyewalisha.

Sita, sumu ikishukiwa, wahamishe walio hai katika chombo chenye maji salama ya joto na ugumu unaolingana. Ikiwa hakuna, badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji polepole, rudia baada ya saa kadhaa, na utie kwenye kichujio mkaa maalumu wa kunyonya sumu. Makaa ya jikoni hayafai kwa kazi hiyo. Amonia ikiwa juu, kiasi kikubwa zaidi chaweza kubadilishwa, mradi maji mapya yalingane na ya zamani.

Saba, usitie dawa hadi uwe na dalili unayoweza kuionyesha kwa kidole. Dawa za kuua bakteria zitolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Kinga

Maji ya bomba huwa na klorini, ambayo hutoweka yakiachwa wazi yakiwa na mapovu kwa siku moja au mbili. Kloramini, itumikayo katika baadhi ya miji duniani, haitoweki kwa njia hiyo. Huhitaji dawa maalumu ya kuyatakasa maji. Uduvi wapya wazoeshwe kwa matone ya maji ya tangi kwa saa moja au mbili kabla ya kutiwa ndani, na ikiwezekana watengwe kwa majuma mawili. Wanapopuliza dawa ya wadudu nyumbani, watu wa nyumba wafunike tangi na wazime pampu ya hewa kwa muda mfupi, au bora zaidi wasipulize katika chumba hicho kamwe.

Kuna wajibu mwingine uvukao mipaka ya sebule. Uduvi wagonjwa, mimea na maji ya tangi visimwagwe mtoni, ziwani wala kwenye mitaro ya mvua. Mwaka wa 1970 kamba mwekundu wa Louisiana aliingizwa katika Ziwa Naivasha. Alienea na baadaye akahusishwa na kuangamia kwa mimea ya chini ya maji katika ziwa hilo. Mgeni mmoja akishapata makao hatoki tena. Ochong'a wa Ziwa Victoria, na wavuvi wanaotegemea samaki wanaomla, hawastahili kuletewa vimelea kutoka tangi la mtu. Mizoga izikwe au ichomwe, na vifaa vikaushwe kabisa kabla ya kutumiwa katika tangi jingine.

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Tangi nalo huwa na mawingu yake: uduvi aliyeacha kula, rangi iliyofifia, magamba yasiyoonekana kwa majuma, nitrati inayopanda mwezi hata mwezi. Daftari dogo la vipimo vya kila wiki humwezesha mfugaji kuyaona mapema, na siku ya vifo vya ghafla humpa kitu ambacho hakuna duka linalokiuza: kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kabla ya msiba.